Santuri Zilizokaukia Chumbani

"Usinisemeshe," Fundi alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemsemesha.

Alikuwa ameinama juu ya meza, ukucha wa kidole gumba umeingia chini ya ukingo wa gundi iliyokaukia juu ya santuri, na gundi ilikuwa inaanza kuachia. Hapo ndipo penye hatari. Ukivuta kwa pupa utando unachanika, na vipande vinavyobaki kwenye mifereji ya santuri utavichokoa kwa kijiti cha meno mpaka uote mvi. Ukivuta taratibu, kwa mkono usiopumzika, unatoka mzima, duara moja jembamba, na uchafu wa miaka thelathini umeng'ang'ania upande wake wa chini. Safari hii ulitoka mzima. Fundi akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona kila mstari wa wimbo umejichapa humo, kisha akaushusha na kuanza kuifuta santuri.

"Umetoka?" mkewe aliuliza kutoka chumbani.

"Umetoka."

"Sasa naruhusiwa kupumua?"

"Pumua, bibie. Nani alikukataza?"

Mkewe akacheka. Fundi akasimama na kitambaa mkononi, akingoja. Kwa miezi minane kila kicheko cha mkewe kilikuwa kinaishia kwenye kikohozi: mara mbili kifupi, mara ya tatu kirefu chenye mluzi mwishoni, halafu "ah" ndogo, ya mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau sokoni. Alikijua kikohozi hicho kuliko alivyozijua nyimbo zote alizowahi kuzisafisha. Aliwahi kukaa nacho usiku kucha akikihesabu. Leo tena kicheko kilikwisha kikawa kicheko tu, na nyumba ikanyamaza.

Mambo mazuri hayasemwi kwa sauti, yasije yakasikia yakaondoka.

Kazi yake aliipata kwa kosa. Enzi hizo alikuwa mpiga vanishi kwenye karakana ya seremala, na siku moja mteja alileta kabati la kinanda cha santuri lipigwe vanishi, ndani yake mmesahauliwa santuri. Fundi akagonga chupa ya gundi nyeupe ikamwagikia ile santuri, yote, ukingo hadi ukingo. Kwa woga aliificha nyuma ya mbao. Kesho yake alipoibandua gundi akikaribia kulia, akakuta santuri inang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Mteja hakujua lolote, ila alirudi baada ya wiki kusema kwamba kinanda kinaimba vizuri kuliko siku alipokinunua. Karakana ilipofungwa, na magoti ya Fundi nayo yakafunga, kazi hiyo ndiyo aliyokwenda nayo nyumbani.

Vifaa vyake havikujaza hata kikapu. Gundi ya maseremala. Kadi ya simu iliyokwisha, ya kuisambazia gundi. Tone la sabuni ya vyombo, brashi laini ya kuchania nywele za mtoto mchanga, na vifuniko viwili vya kopo vya kuziba karatasi ya katikati isilowe. Maji ya bomba yanaacha chokaa kwenye mifereji, na maji safi ya dukani ni ya watu wenye magari. Kwa hiyo Fundi alichemsha maji kwenye sufuria, akaifunika kwa mfuniko kichwachini, akavuna jasho lake tone kwa tone hadi chupa ijae.

"Mwanamume mzima," mkewe alizoea kusema, "anakamua mfuniko."

Mkewe ndiye aliyeandika vikaratasi. Alikuwa ameandika lebo za nguo kwa dobi miaka kumi na tisa, na mwandiko wake ulisimama wima kama umepigwa pasi. Kila santuri iliyoingia ndani ilipata kikaratasi chenye jina la mwenyewe: Kinyozi. Bibi Mwalimu. Mwenye viatu vya kahawia, kwa sababu huyo wa mwisho alikataa kutaja jina, naye hakurudi tena. Santuri yake ilikuwa juu ya kabati mwaka wa saba sasa. Haikuwa hata ya nyimbo. Ilikuwa ya mazoezi ya viungo, mwanamume anahesabu.

Tatizo la nyumba hiyo lilikuwa mahali pa kukaushia. Gundi mbichi haitaki vumbi, na sebule ilitazamana na barabara ya malori ya kokoto. Haitaki unyevu pia, na jikoni sufuria haikosi kuchemka. Chumba kisicho na vumbi wala mvuke kilikuwa kimoja tu, chumba cha kulala, ambacho madirisha yake yalifungwa tangu kifua cha mkewe kilipoanza kusumbua. Mwezi mmoja uliopita Fundi aliingiza humo stuli, akaiweka karibu na mto wa mkewe, na juu yake akalaza santuri iliyopakwa gundi.

"Wenzangu wanalala na waume," mkewe alisema. "Mimi nalala na sahani."

Hospitali walikwenda mara mbili. Picha ya kifua ilitoka safi, daktari akasema ni kikohozi cha mazoea, wakapewa dawa ya maji yenye ladha ya ndizi ambayo haikuwa na ndizi. Mkewe akazidi kukonda. Akawa analala ameketi. Fundi alikuwa anaogopa, hasa katikati ya kikohozi na kikohozi, kwenye kile kimya cha kungoja, na hakumwambia mtu kwamba anaogopa.

"Hodi humu!"

Alikuwa Kinyozi, jirani wa nyumba ya tatu, na kwapani alibeba santuri imefungwa kwenye kitambaa cha kunyolea. Huyu hulipa kwa kunyoa. Na kwa kuwa kichwa cha Fundi kilikuwa na upara nusu, katika biashara hiyo aliyefaidi ni Kinyozi.

"Karibu. Imeharibika?"

"Haijaharibika, kaka. Imekuwa tamu mpaka wateja hawataki kutoka kwenye kiti." Kinyozi akaifungua polepole. "Ila kule mwisho, wimbo ukishakwisha, kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Sasa mimi nitamjuaje? Anakohoa."

Fundi hakuwa na mazoea ya kusikiliza santuri za wateja hadi mwisho. Sindano ni ghali, naye alipiga dakika moja tu ya kujaribu. Akaiweka juu ya kinanda chake, akashusha sindano karibu na mwisho. Wakasikiliza tarumbeta zikiaga, ngoma ikinyamaza, halafu ule mzunguko mtupu wa mwisho ambao sindano huzunguka ikingoja mtu aiinue.

Kho, kho. Kisha kirefu, na mluzi. Kisha, "ah."

"Nani huyo?" sauti ya mkewe ilitoka chumbani. "Nani anakohoa kwa sauti yangu?"

Kinyozi akacheka. "Shemeji, si mimi, ni santuri!" Kisha akajiziba mdomo, mabega yakamtikisika, akakohoa. Mara mbili kifupi, mara ya tatu kirefu chenye mluzi mwishoni. "Ah," alisema Kinyozi, akijifuta machozi.

Fundi akainua sindano.

"Hicho umekipata lini?"

"Jumapili. Siku ile ile niliyoipiga mpaka mwisho mara ya kwanza. Nadhani ni vumbi la nywele. Jana kimenijia na wembe mkononi, nikamkata mtu sikio." Akaona uso wa Fundi. "Kidogo tu, bwana. Na alikuwa nalo lingine."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Hakushikilia ukuta, jambo ambalo Fundi hakuwa ameliona tangu mwaka uanze. Alimtazama Kinyozi, akaitazama santuri, akamtazama Kinyozi tena.

"Pole, shemeji," alisema. "Hicho kikohozi mimi nakijua. Jumapili ndiyo siku niliyoamka bila kuwa nacho."

Akarudi chumbani kukunja shuka.

Fundi aliipaka santuri ya Kinyozi gundi upya, na safari hii aliikaushia jikoni, mbali na kitanda, hata kama kwa ule mvuke ingechukua siku tatu badala ya moja. Siku hizo tatu mkewe alifua mapazia. Alipanda juu ya kiti kuyatundika. Alimkaripia muuza mkaa kuhusu gunia lenye vumbi zaidi ya mkaa, na sauti ikatoka yote, mpaka mkaripiwa akaomba radhi kwa kosa alilokuwa hajalifanya bado. Fundi alikuwa akimtazama anavyomeza chakula. Alikuwa amesahau kwamba shingo ya mkewe ni nzuri.

Siku ya nne, alfajiri, aliukamata ukingo wa gundi, akauvuta. Ulikuja kwa utiifu, duara baada ya duara, hadi ule mzunguko wa mwisho karibu na karatasi ya katikati. Hapo ulishikilia kidogo. Fundi akavuta. Ulipoachia, chumbani kulisikika kho, kho.

Alisimama na utando mkononi. Ulikuwa unatetemeka, na mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Kule chumbani kirefu kilifuata, na mluzi, na "ah," halafu kitanda kikalia kwa uzito wa mtu anayekaa ghafla.

Jioni Kinyozi alifika na mkasi na furaha. Ameamka kifua kikavu, alisema, kana kwamba mtu ameingia usiku akamtolea. Wakaipiga santuri hadi mwisho, na mwishoni hakukuwa na mtu. Kinyozi akaimba njia nzima ya kurudi kwake. Fundi alibaki na nusu ya kichwa iliyonyolewa vizuri na hesabu ambayo hakutaka kuifanya.

Hakuwa mtu wa kuamini miujiza. Lakini alikuwa fundi, na fundi akiona kitu kimetoka hapa na kuingia pale, hahitaji kuambiwa kimepita njia gani. Santuri ilikauka kando ya mto wa mkewe, ikachukua kikohozi. Ilipopigwa, ikampa yule ambaye jina lake liko kwenye kikaratasi. Iliposafishwa, kikohozi kilirudi kwao.

Na kwenye rafu kulikuwa na santuri ya kwaya, na kikaratasi chake kilisema: Bibi Mwalimu.

Huyo alikuwa amefundisha nusu ya mtaa kusoma, Fundi akiwemo, na hakuwa amewasamehe bado. Aliishi peke yake. Ni mzee, Fundi alijiambia akiitikisa chupa ya gundi. Ameshakula chumvi yake. Akajisikia aibu kwa wazo hilo, aibu ya kweli iliyompandisha joto masikioni, na bado mikono iliendelea. Akachora mstari wa gundi kuzunguka ukingo, akasambaza kwa kadi, akaibeba santuri kwa viganja viwili hadi chumbani, akaiweka kwenye stuli.

Mkewe alikuwa amelala usingizi wa mchana, ameketi, mito mitatu mgongoni. Fundi akakaa chini, mgongo ukutani, akaangalia.

Mkewe akakohoa. Juu ya gundi mbichi likatokea duara, likatanuka kutoka katikati hadi ukingoni, likapotea. Akakohoa tena, duara jingine. Kirefu, na mluzi. Duara pana, likatetemeka. Halafu akanyamaza, kifua kikawa kinapanda na kushuka bila kelele, uso ukalegea. Fundi akataka kuinuka.

Duara likatokea juu ya gundi. Kisha jingine. Kisha lile pana. Hakuna mtu aliyekuwa amekohoa.

Alikaa hapo mpaka gundi ikawa nzito na kuacha kucheza. Hakuthubutu kuigeuzia mgongo.

Mkewe akapona tena. Na siku ya nne, kabla ya jua kuwa kali, Bibi Mwalimu akaja mwenyewe. Alipanda ngazi tatu za baraza, akapumzika kila ngazi. Alipofika mlangoni alishikilia fremu, akahema, na Fundi akasikia jinsi pumzi ilivyokuwa finyu ndani ya kile kifua kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Santuri yangu."

Ilikuwa mkononi mwa Fundi, safi, ndani ya jalada. Akaipeleka nyuma ya mgongo.

"Nimeikosa sana," Bibi Mwalimu alisema. "Mimi huisikiliza mpaka mwisho kabisa. Hata wimbo ukiisha siinuki. Namngoja yule aliyeimba atoke mlangoni. Mtu akikuimbia, humwachi atoke peke yake."

Fundi akafungua mdomo. Kikatoka cha ovyo.

"Haijakauka, Mwalimu."

"Haijakauka? Wiki nzima?" Alimtazama toka upara hadi vidole vya miguu. "Wewe tangu darasa la kwanza, kazi zako hazikauki." Akageuka, akaanza kuzishuka ngazi moja moja.

Fundi alipogeuka, mkewe alikuwa nyuma yake na ufagio.

"Imekauka tangu juzi," alisema.

"Najua."

"Uliibandulia mezani. Niliona."

"Najua, bibie."

Mkewe akafagia mahali palipokuwa pamefagiwa. Alikuwa na rangi usoni. Mikono yake ilikuwa imerudi kuwa mikono. "Safisha vizuri santuri ya watu, Fundi," alisema bila kuinua macho. "Mpe mwenyewe."

"Ungejua ni nini unachokisema..."

"Nimesema safisha."

Akaisafisha, jikoni. Ulipobanduka mzunguko wa mwisho, kikohozi kilirudi chumbani na madeni yote ya siku hizo. Mkewe alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Usiku ule na mchana uliofuata hakulala, na alipojaribu kumtania Fundi maneno hayakufika mwisho. Bibi Mwalimu alipelekewa santuri yake nyumbani. Alimpokea Fundi kwa kumwonyesha kiti na kusema kwamba amekonda.

Aliporudi, Fundi alivuta kiti, akapanda, akaishusha ile santuri ya juu ya kabati. Vumbi la miaka saba lilimwangukia kichwani. Kikaratasi kilikuwa kimegeuka manjano: Mwenye viatu vya kahawia. Akachukua penseli, akamkata mwenye viatu. Chini yake, kwa herufi kubwa zilizolala huku na kule, akaandika FUNDI.

Aliipaka gundi taratibu kuliko alivyowahi kupaka santuri ya mteja yeyote. Upande wa kwanza, wenye karatasi nyekundu katikati.

"Ya nani hiyo?" mkewe aliuliza alipoiona kwenye stuli. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ya mteja."

"Mteja gani?"

"Mmoja hivi. Mkorofi. Halipi."

Mkewe alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia. Fundi alimshika mabega mpaka kikapita. Juu ya gundi maduara yalikimbizana kutoka katikati hadi ukingoni.

Asubuhi utando ulitoka mzima, na mkewe alikuwa amelala chali, mto mmoja tu kichwani. Alipoamka aliuliza kama kuna viazi. Hakukuwa na viazi. Alisema basi anakwenda sokoni mwenyewe, amechoka kuletewa viazi vilivyochaguliwa na mwanamume. Fundi alimsindikiza kwa macho hadi kwenye kona. Kisha akafunga mlango, akaweka santuri ya mazoezi juu ya kinanda, akaketi mbele yake na mikono magotini.

"Simama wima," sauti ya mwanamume ilisema, safi, kana kwamba alikuwa nyuma ya pazia. "Miguu iachane. Vuta pumzi. Shikilia. Toa. Moja. Vuta pumzi. Shikilia. Toa. Mbili."

Kwenye tatu Fundi aligundua kwamba anafuata. Akaendelea kufuata. Alivuta na kushikilia na kutoa, na sindano ikasogea ndani, hadi mwanamume yule alipomtakia siku njema yenye afya na kunyamaza. Ukabaki ule mzunguko mtupu.

Kho, kho. Kirefu. Mluzi. "Ah."

Fundi alingoja. Kikazunguka mara ya pili, mara ya tatu. Alijisikia mjinga, mzee mzima amekaa anasikiliza kikohozi cha mkewe mchana kweupe huku mkewe akigombana na watu wa viazi. Akainua sindano, akaenda jikoni, akaweka sufuria motoni ichemke. Alikuwa anakamua mfuniko tone la kumi na mbili au la kumi na tatu kitu kilipomtekenya kooni.

Akakohoa mara mbili. Cha tatu kilitoka chini kabisa, kikapiga mluzi kwenye meno yake. Halafu "ah" ikatoka, ndogo, laini, ya kike, kutoka kwenye mdomo wake mwenyewe.

Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikuwa na furaha. Alikuwa na furaha mpaka machozi yakampitia katikati ya vidole.

Wiki hiyo mkewe aliongezeka uzito. Fundi alikohoa nyuma ya choo. Alikohoa wakati malori yanapita. Alijifunza kukihisi kikija na kwenda nacho uani, akijidai anamwaga maji. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani kwa kukisikia tu, na kila kilipomshika alishangaa jinsi yule mwanamke alivyoweza kutania akiwa na kitu hiki kifuani kwa miezi minane. Mkewe hakuuliza kitu. Siku moja tu Fundi alimkuta amesimama mbele ya rafu, ameshika kikaratasi cha manjano mbali kidogo na macho, anakisoma. Neno lenyewe lilikuwa moja, lakini alilisoma muda mrefu.

"Mwandiko gani huu," alisema. Akakirudisha.

Siku iliyofuata alipika viazi vingi kuliko watu. Fundi alikula, akalemewa, na kwa kuwa hakuwa amelala vizuri siku sita alijinyoosha kitandani mchana ili apumzishe mgongo tu.

Alizinduka kwa harufu. Hakuna mtu anayeijua harufu ya gundi mbichi kuliko yeye, chachu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kufikiria kuganda. Akageuza kichwa. Stuli ilikuwa kando ya mto wake. Juu ya stuli, juu ya kitambaa safi, santuri imelazwa, imepakwa gundi ukingo hadi ukingo bila povu hata moja, na karatasi ya katikati ilikuwa ya buluu. Upande wa pili.

Chini ya ukingo wa santuri kilichungulia kikaratasi cha manjano. Neno FUNDI lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake, kwa mwandiko uliosimama wima, iliandikwa: Mke wa Fundi.

Sebuleni mtu alikuwa anapangusa vumbi la sindano kwa brashi ya mtoto. Kisha kiti kikaburutwa hadi mbele ya kinanda.

Gundi ilikuwa bado mbichi. Kitambaa kimoja chenye maji kingetosha kuiondoa yote. Fundi akanyoosha mkono.

"Usiguse," mkewe alisema kutoka huko. "Bado haijakauka."

"Bibie..."

"Usinisemeshe."

Kitu kikaanza kumtekenya kooni, chini kabisa, kikipanda bila haraka. Mbele ya macho yake gundi ilitulia, nyeupe, bila duara hata moja. Fundi akavuta pumzi. Akaishikilia.